Montenegro kwa Siku Moja Kutoka Dubrovnik: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale ambayo wasemaji wa Kiswahili wanaofika pwani ya Adriatiki, ama kutoka Afrika Mashariki kwa likizo ama kutoka miji ya Ulaya wanakoishi, huyarudia kila majira ya joto. Yanaanza na mambo ya msingi na kuishia kwenye hali zisizo za kawaida. Mwenye haraka asome kwanza sehemu ya viza, kwa sababu hiyo ndiyo inayoamua kama safari ipo au haipo.

## Mambo ya msingi

Je, siku moja inatosha kuiona Montenegro?

Haitoshi kuiona nchi nzima, lakini inatosha kuiona Ghuba ya Kotor, ambayo ndiyo sababu ya watu wengi walioko Dubrovnik, Kroatia, kuvuka mpaka. Montenegro ina kilomita za mraba 13,812, ukubwa unaokaribiana na ule wa Mkoa wa Kilimanjaro, na sensa ya mwaka 2023 ilihesabu watu wapatao 623,000 tu. Udogo huo huwadanganya wageni. Wanaiangalia ramani, wanaona vidole viwili tu kati ya mji mmoja na mwingine, na wanapanga vituo sita kwa siku. Wakifika wanakuta milima inayoshuka hadi baharini na barabara moja inayoizunguka kila kona ya ghuba.

Ushauri wa ukurasa huu ni mmoja na utarudiwa: chagua Perast na Kotor, miji miwili ya ghuba hiyo, uzione kwa utulivu, na yaliyobaki uyaachie safari nyingine.

Kuna umbali gani kutoka Dubrovnik?

Kutoka Dubrovnik hadi Kotor ni takriban kilomita 90. Bila foleni mpakani mwendo huo huchukua saa mbili na ushei. Katika Julai na Agosti unaweza kuchukua saa tatu, nne au zaidi (tazama swali la foleni hapa chini).

Montenegro imo katika Umoja wa Ulaya?

Bado haimo, na jambo hili ndilo linalozaa maswali mengi yanayofuata. Nchi hii ilikuwa katika muungano na Serbia hadi mwaka 2006, ambapo kura ya maoni ya tarehe 21 Mei ilipitisha uhuru kwa asilimia 55.5, ilhali kiwango kilichohitajika kilikuwa asilimia 55. Ilijiunga na NATO mwaka 2017 na ni mwombaji wa uanachama wa Umoja wa Ulaya, lakini haimo katika eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja na zisizokagua pasipoti kati yao. Kroatia, kwa upande wake, imo katika Schengen tangu tarehe 1 Januari 2023. Kwa hiyo anayetoka Dubrovnik kwenda Kotor asubuhi anatoka Schengen, na anaporudi jioni anaingia upya.

Wanatumia fedha gani?

Wanatumia euro, ingawa si wanachama wa Umoja wa Ulaya. Walianza kutumia marki ya Kijerumani mwaka 1999, na marki ilipoondolewa mwaka 2002 wakahamia euro. Kroatia nayo iliacha sarafu yake iliyoitwa “kuna” na kuchukua euro mwaka 2023, hivyo msafiri wa Dubrovnik hana haja ya kubadilisha fedha hata kidogo. Kadi za benki hupokelewa katika mikahawa na maduka mengi, lakini uwe na sarafu na noti ndogondogo kwa ajili ya boti, choo cha kulipia na maegesho. Bei katika mikahawa na kwenye tiketi hazina mapatano. Mwenye boti anaweza kusikiliza kidogo ikiwa mko kundi.

Ni msimu upi unaofaa?

Mei, Juni, Septemba na mwanzo wa Oktoba. Katika Julai na Agosti joto hupita nyuzi 30, mawe ya mji hulirudisha joto hilo usoni, na foleni za mpakani hufikia kilele. Majira ya baridi bei hushuka na vichochoro huwa vitupu, lakini mvua si ya mchezo: kijiji cha Crkvice, kilicho milimani juu ya mji wa Risan ghubani, hupata zaidi ya milimita 4,500 kwa mwaka, takriban mara nne ya mvua ya Dar es Salaam, na sehemu kubwa hunyesha kati ya Oktoba na Machi. Anayekwenda Novemba abebe koti la mvua la kweli, si mwavuli wa mapambo.

## Viza na mpaka

Nina pasipoti ya Tanzania au Kenya. Nahitaji viza ya Montenegro?

Kwa kawaida ndiyo, na hali ni hiyo hiyo kwa pasipoti za Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hata hivyo upo msamaha unaowafaa wengi: mwenye viza halali ya Schengen, Marekani, Uingereza au Ayalandi anaruhusiwa kuingia na kukaa hadi siku 30, mradi viza hiyo isiishe muda wake akiwa ndani. Wenye vibali vya ukaazi vya nchi za Umoja wa Ulaya, Uingereza na Marekani nao huingia kwa kibali hicho. Kwa kuwa taratibu za namna hii hubadilishwa, thibitisha katika tovuti ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Montenegro wiki chache kabla ya kusafiri, na uhakikishe kwamba pasipoti yako ina angalau miezi sita mbele.

Tahadhari: msamaha huu unahusu kuingia Montenegro tu. Haukupi haki yoyote ya kurudi Kroatia. Soma swali linalofuata.

Viza yangu ya Schengen bado ina siku nyingi. Naweza kwenda Kotor na kurudi Dubrovnik jioni?

Siku zilizobaki si hoja; hoja ni idadi ya kuingia. Fungua pasipoti, tazama stika ya viza, na utafute mstari unaoonyesha idadi ya mara za kuingia. Utakuta mojawapo ya maandishi matatu: 01 (mara moja), 02 (mara mbili) au MULT (mara nyingi).

Ikiwa imeandikwa 01, uliitumia ulipotua Ulaya. Ukitoka kwenda Montenegro viza hiyo imekwisha kazi, hata kama ulipewa siku 30 na umetumia tatu tu, na ofisa wa Kroatia hatakuruhusu kuingia tena. Usitegemee kwamba atakuonya asubuhi unapotoka: kutoka ni haki yako, naye atakuruhusu kimyakimya. Tatizo hujitokeza jioni, huku mizigo yako ikiwa hotelini Dubrovnik na ndege yako ya kurudi ikiondokea huko huko. Mwenye viza ya namna hii asiende, hata kama wakala wa ziara anamwambia kwamba wateja wake wote huvuka bila shida, kwa maana wengi wa wateja hao hubeba pasipoti zisizohitaji viza kabisa.

Ikiwa imeandikwa 02, hesabu kwa makini. Kutua Frankfurt na kuunganisha ndege kwenda Dubrovnik ni kuingia mara moja tu, kwa sababu zote mbili zimo ndani ya Schengen; kurudi kutoka Montenegro kutakuwa mara ya pili na ya mwisho. Ikiwa imeandikwa MULT, nenda kwa amani.

Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen, au viza ya kitaifa ya muda mrefu, hana kizuizi hiki maadamu hati yake haijaisha muda. Abebe kadi yenyewe, si picha yake iliyomo kwenye simu. Anayeishi Uingereza kwa kibali cha Uingereza lakini amekuja Kroatia kwa viza ya Schengen ya 01 yuko katika hali ile ile ya aliyetoka Arusha: Montenegro itampokea, Kroatia haitampokea tena.

Maelezo mengi yaliyoandikwa kabla ya mwaka 2023 bado yanazunguka, na yanaieleza Kroatia kama nchi iliyo nje ya Schengen. Yapuuze.

Je, siku niliyokaa Montenegro inaniokolea siku moja katika hesabu ya siku 90 za ukaaji zinazoruhusiwa Schengen?

Hapana. Siku ya kutoka Schengen na siku ya kuingia zote huhesabiwa kuwa siku za ukaaji, na wewe umetoka na kuingia siku hiyo hiyo.

Foleni ya mpakani huchukua muda gani?

Kivuko kikuu ni Karasovići upande wa Kroatia na Debeli Brijeg upande wa Montenegro. Ukaguzi ni mara mbili kila unapopita, kwa maana kila nchi ina kibanda chake, kwa hiyo kwa siku moja pasipoti yako itatazamwa mara nne. Asubuhi ya mapema ya Mei unaweza kumaliza yote kwa dakika 20. Jumamosi ya Agosti, kuanzia saa tatu asubuhi, saa mbili za kusubiri si ajabu, na jioni foleni ya kurudi Kroatia mara nyingi ni mbaya zaidi kuliko ile ya asubuhi.

Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen zilianza kutumia mfumo wa kielektroniki wa kusajili wanaoingia na kutoka, ambapo raia wa nchi za nje hupigwa picha ya uso na kuchukuliwa alama za vidole badala ya kugongewa muhuri. Wenye vibali vya ukaazi vya Schengen hawahusiki nao. Basi lenye abiria 50 wanaopaswa kusajiliwa haliendi haraka.

Dawa ni moja: ondoka Dubrovnik kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kipo pia kivuko kidogo karibu na bahari, kati ya Vitaljina na Kobila, ambacho madereva wa magari madogo hukikimbilia pale kikuu kinapofurika. Barabara yake ni nyembamba na mabasi makubwa hayapiti huko.

Nasikia mgeni lazima ajiandikishe polisi. Ni kweli kwa ziara ya siku moja?

Sharti la kujiandikisha linawahusu wanaolala, na hoteli hulishughulikia kwa niaba ya mgeni. Anayeingia asubuhi na kutoka jioni hana la kufanya.

## Usafiri

Kati ya basi la kawaida, ziara ya kundi na gari la kukodi, kipi bora?

Basi la kawaida ndilo nafuu, na kituo cha mabasi cha Kotor kiko mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka lango la mji wa kale. Ubaya wake ni kwamba likikwama mpakani limekwama na wewe, na ratiba ya kurudi haikungoji. Katika majira ya joto kata tiketi ya kwenda na kurudi mapema, na uchague basi la kurudi ambalo si la mwisho.

Ziara ya kundi inamfaa anayekwenda kwa mara ya kwanza bila kutaka kushughulika na lolote. Kabla ya kulipa, soma ratiba kwa jicho kali. Ziara nyingi hutangaza Perast, Kotor na Budva, mji wa pwani ulio mbele ya Kotor, kwa siku moja, na ukizipiga hesabu unakuta umepewa dakika 40 Perast, saa moja na nusu Kotor, kisha saa nzima ya chakula Budva katika mkahawa ambao si wewe uliyeuchagua. Kama ipo ziara inayoacha Budva, ichukue hiyo hata ikiwa ghali kidogo.

Gari ndilo linalokupa uhuru wa kusimama Perast kabla umati haujafika, lakini linataka maandalizi, kama inavyoelezwa katika swali lifuatalo.

Nikikodi gari Dubrovnik, ninahitaji nini ili kuvuka nalo?

Kwanza, ruhusa ya kampuni. Waambie siku ya kuweka nafasi, si siku ya kuchukua gari, kwamba utaingia Montenegro. Baadhi hutoza ada na baadhi hukataa. Hakikisha umepewa hati ya bima inayotambulika nje ya Umoja wa Ulaya, inayojulikana kama kadi ya kijani, pamoja na nyaraka za gari. Beba leseni yako na leseni ya kimataifa iliyotolewa nyumbani.

Barabarani, taa za mbele huwashwa mchana na usiku, na trafiki hulifuatilia jambo hilo. Magari hupita upande wa kulia. Kwa dereva wa Bujumbura, Kigali au Kinshasa hilo ni la kawaida, lakini kwa aliyezoea kuendesha Tanzania, Kenya au Uganda barabara ya ghuba si mahali pazuri pa kujifunzia: ni nyembamba, ukuta wa mawe uko upande mmoja na maji yako upande wa pili, na mabasi ya watalii yanakuja mbele yako bila kupunguza mwendo.

Nivuke kwa feri au nizunguke ghuba?

Vyote viwili, kwa mpangilio huu: nenda kwa kuzunguka, rudi kwa feri. Ghuba imebanwa katikati na mlango-bahari wa Verige, ambao mahali pembamba pana upana wa mita zipatazo 340, na feri kati ya Kamenari na Lepetane huvuka hapo kwa dakika kumi hivi, mchana na usiku. Ukivuka kwa feri asubuhi utaikosa Perast, ambayo iko kwenye barabara ya kuzunguka. Jioni, ambapo tayari umekwisha kuiona, feri hukupunguzia mwendo wa kurudi mpakani. Nauli ya gari dogo ni euro chache, na Jumapili jioni ya Agosti hapo nako kuna foleni.

## Siku yenyewe

Nianzie wapi?

Anzia Perast, ikiwezekana kabla ya saa tatu asubuhi. Ni mji wa barabara moja ya ufukweni, wenye majumba ya mawe yaliyojengwa na manahodha wakati ghuba ilipokuwa chini ya Venisi, na mnara wa kengele wa Kanisa la Mtakatifu Nikola wenye kimo cha mita 55, ambao ni mkubwa mno kwa mji wenyewe. Asubuhi maji ya ghuba huwa hayana hata kiwimbi. Magari ya wageni huachwa nje ya mji, kwa hiyo tenga dakika kumi za kutembea.

Visiwa viwili vilivyo mbele ya Perast ni nini, na naweza kuvifikia?

Unaweza kufika kimoja tu. Kile chenye miti mirefu ni Mtakatifu Georgi, kisiwa cha asili chenye monasteri ya zamani na makaburi, na hakifunguliwi kwa watalii. Cha pili, Gospa od Škrpjela, yaani Bibi Yetu wa Mwambani, kilijengwa na watu. Masimulizi ya wenyeji yanasema kwamba tarehe 22 Julai 1452 mabaharia waliikuta picha ya Bikira Maria juu ya mwamba, na kuanzia hapo kila chombo kilichorejea salama kikamwaga mawe mahali hapo, na merikebu kuukuu zikazamishwa zikiwa zimejaa mawe, mpaka pakapatikana uwanja wa kujengea kanisa. Kila tarehe 22 Julai jua linapozama, wanaume wa Perast bado hufunga boti zao msururu na kwenda kumwaga mawe.

Boti hutoka gatini Perast mara kwa mara, safari ni dakika tano, na nauli ya kwenda na kurudi ni euro chache kwa kila mtu. Usikimbilie kupiga picha na kuondoka. Ndani ya kanisa kuna michoro 68 ya Tripo Kokolja, mchoraji wa Perast wa karne ya 17, na kuta zimepangwa vibao vya fedha vilivyotolewa na mabaharia kama nadhiri, vingi vikionyesha chombo kimoja kikipigana na dhoruba.

Katika makumbusho madogo yaliyoungana na kanisa, tafuta kazi ya taraza ya Jacinta Kunić-Mijović. Alishona kwa miaka 25 akimngoja mume wake aliyekuwa baharini, na kwa nywele za malaika alitumia nywele zake mwenyewe. Sogea karibu na kioo: nywele za malaika wa mwanzo ni nyeusi, na kadiri kazi inavyosonga mbele zinakuwa nyeupe.

Kotor nione nini ndani ya kuta?

Ingia kwa Lango la Bahari la mwaka 1555. Juu yake kumeandikwa tarehe 21 Novemba 1944, siku mji ulipokombolewa katika Vita vya Pili vya Dunia, pamoja na maneno yanayonasibishwa na Tito, kiongozi wa Yugoslavia ya wakati huo: vya wengine hatuvitaki, vyetu hatuvitoi. Pembeni yupo simba mwenye mabawa, alama ya Venisi, iliyoutawala mji kuanzia 1420 hadi 1797. Ndani unapokewa na Uwanja wa Silaha na mnara wa saa wa mwaka 1602, ambao chini yake ipo nguzo walikofungwa wakosaji ili waaibishwe mbele ya watu.

Kutoka hapo weka ramani mfukoni. Aliyezoea vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar atajiona yuko nyumbani: unapotea, unageuka, na unatokea tena kwenye uwanja uleule. Kotor ni ndogo, huwezi kupotea kwa zaidi ya dakika kumi.

Kanisa Kuu la Mtakatifu Trifuni liliwekwa wakfu mwaka 1166. Minara yake miwili ilijengwa upya baada ya tetemeko la mwaka 1667, na ukitazama vizuri utaona haifanani, kwa sababu mmoja haukukamilika kamwe. Kanisa dogo la Mtakatifu Luka, la mwaka 1195, lina madhabahu mbili, kwani kwa karne moja na zaidi Wakatoliki na Waorthodoksi walilitumia kwa pamoja. Binafsi ningependa mgeni mwenye nusu saa tu aitumie hapo kuliko katika kanisa kuu.

Sehemu kubwa ya unachokiona imekarabatiwa. Tetemeko la tarehe 15 Aprili 1979 liliuvunja mji vibaya, UNESCO ikauingiza katika Urithi wa Dunia mwaka huo huo, na ukabaki katika orodha ya urithi ulio hatarini hadi mwaka 2003.

Kwa nini paka ni wengi hivyo?

Wamekuwapo tangu enzi za meli, wakikamata panya, na wenyeji huwalisha na kuwaona kama sehemu ya mji. Yapo hata makumbusho ya paka. Usishangae kumkuta mmoja amelala juu ya kiti chako mkahawani. Wa kuhama ni wewe.

Kupanda ngome ya juu ni lazima?

Si lazima, ila ndiyo mandhari inayopigwa picha kuliko zote. Kuta za Kotor zina urefu wa takriban kilomita 4.5 na zinapanda mlima hadi ngome ya Mtakatifu Yohane, zaidi ya mita 250 juu ya bahari, kwa ngazi zipatazo 1,350. Ada ya kuingia imepandishwa hadi euro 15 katika misimu ya karibuni. Tenga saa moja na nusu hadi mbili, beba maji, na uvae viatu vinavyoshika, kwa sababu mawe yamelainika kwa kukanyagwa karne na karne. Usipande kati ya saa sita na saa tisa mchana katika majira ya joto.

Asiye na nguvu za kufika kileleni aishie kwenye kanisa la Bibi Yetu wa Afya, lililojengwa mwaka 1518 katikati ya njia. Paa jekundu la mji, mnara wa kanisa na maji ya ghuba vyote vinaonekana kutoka hapo.

Vipi kuhusu Budva, Sveti Stefan, Cetinje na mlima Lovćen?

Budva ina mji wa kale mzuri uliozungukwa na majengo mapya ya hoteli. Baada ya Kotor haikuongezei mengi. Sveti Stefan ni kisiwa kilichogeuzwa hoteli, na wengi huishia kukitazama kutoka barabarani. Cetinje, mji mkuu wa zamani wa wafalme, unastahili siku yake peke yake.

Lovćen ndiyo nyongeza pekee inayoweza kufikiriwa, kwa mwenye gari aliyeondoka mapema. Tangu mwaka 2023 gari la kamba huondoka Dub, karibu na Kotor, na kufika Kuk mlimani kwa dakika 11. Kaburi la Njegoš, askofu, mtawala na mshairi aliyefariki mwaka 1851, liko mbali zaidi, juu ya kilele, na hufikiwa kwa ngazi 461. Kulijumuisha katika siku moja kutoka Dubrovnik ni kujitafutia mashaka.

Nitajuaje kama Kotor itajaa watu?

Ratiba ya meli za kitalii za bandari ya Kotor huchapishwa mtandaoni. Siku yenye meli tatu, mji hauingiliki kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Ikibidi kwenda siku hiyo, kaa Perast hadi mchana na uingie Kotor alasiri, watu wa meli wanapoanza kurudi.

## Chakula, ibada na watu

Nitapata chakula halali?

Kotor na Perast ni maeneo ya Wakristo, na nyama maarufu ya huko, pršut ya Njeguši, ni paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi. Hukatwa nyembamba na kuwekwa hata mahali usipotarajia, kama ndani ya sandwichi ya jibini au juu ya pitsa. Lililo rahisi ni samaki wa kuchoma, ngisi na kome wa ghuba. Wali mweusi wa wino wa ngisi na kome wa mchuzi mara nyingi hupikwa kwa mvinyo, kwa hiyo uliza kabla ya kuagiza. Katika maduka ya mikate, burek (mkate wa tabaka nyembamba) ya jibini au mchicha hushibisha kwa bei ndogo.

Kuna mahali pa kuswali?

Misikiti iko Podgorica, Bar na hasa Ulcinj, kusini kabisa, ambako wakazi wengi ni Waalbania Waislamu. Kwenye njia ya siku moja inayoelezwa hapa panga kuswali safarini.

Makanisani navaa nini?

Mabega na magoti yafunikwe. Khanga au mtandio mkobani unatosha.

Watu weusi hupokewaje?

Pwani imezoea wageni wa kila rangi kwa sababu ya meli na hoteli, na huduma ni ile ile kwa kila anayelipa. Vijijini bara utatazamwa zaidi.

Wachache wanafahamu kwamba Afrika ina historia yake hapa. Mabaharia wa Ulcinj, mji uliokuwa chini ya Waosmani kuanzia 1571 hadi 1880, walileta Waafrika waliokuwa watumwa, wengi wakipitia bandari za Afrika Kaskazini. Wazao wao walibaki, wakazungumza Kialbania, na baadhi wakawa mabaharia wenyewe. Mmoja wa wa mwisho kujulikana sana alikuwa mpiga picha Rizo Šurla, aliyefariki mwaka 2003. Katika mji wa kale wa Ulcinj bado kuna uwanja unaoitwa Uwanja wa Watumwa. Ni mbali mno kwa siku moja kutoka Dubrovnik, lakini kwa msomaji wa pwani yetu, ambaye anazijua Bagamoyo na Mkunazini, ni sababu nzuri ya kulala Montenegro usiku mmoja au miwili.

## Hali zisizo za kawaida

Ninatoka Split, si Dubrovnik. Inawezekana?

Kwa siku moja, hapana. Daraja la Pelješac, lililofunguliwa mwaka 2022, limewaondolea wasafiri ulazima wa kupita Neum katika Bosnia na Herzegovina, lakini bado unabaki na zaidi ya kilomita 200 kabla ya kufika Dubrovnik. Lala Dubrovnik kwanza.

Ninakuja kwa meli ya kitalii inayotoka Kroatia. Suala la viza linanihusu?

Linakuhusu. Meli inapotia nanga Kotor imetoka Schengen, na kituo kinachofuata kikiwa Dubrovnik au Venisi unaingia upya. Masharti ni yale yale ya 01, 02 na MULT, na kampuni za meli huyakagua kabla ya kukupandisha.

Sina viza ya Schengen lakini nina ya Marekani au Uingereza. Naweza kuiona Kotor?

Ndiyo, mradi usipitie Kroatia. Ruka hadi Montenegro kupitia Istanbul. Turkish Airlines ina safari za Podgorica, na pia inafika Nairobi, Dar es Salaam, Entebbe na Kigali. Hapo hutahitaji kuvuka mpaka wowote wa barabarani.

Ninasafiri na mzee au mtoto mdogo. Nibadilishe nini?

Acha ngome. Perast ni tambarare na mtu wa kiti cha magurudumu hupita barabara ya ufukweni bila taabu, ila kupanda boti kunahitaji kushikwa mkono. Kotor chini ni tambarare pia, ingawa mawe si sawasawa. Mtoto awe na pasipoti yake, na akisafiri na mzazi mmoja, beba barua ya ridhaa ya mzazi mwingine pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa.

Kifurushi changu cha simu cha Kroatia kitafanya kazi?

Usichukulie hivyo. Uliza mtandao wako kabla ya kuvuka, zima data mpakani, na upakue ramani ya ghuba nzima ukiwa bado Dubrovnik.

Nikikosa basi la mwisho la kurudi?

Nenda kituo cha mabasi cha Kotor ukaulize yanayopita kutoka Budva au Podgorica, kwa kuwa si yote yanayoanzia Kotor. Yakikosekana, teksi hadi Dubrovnik ni ghali. Mara nyingi chumba cha usiku na basi la alfajiri hugharimu pungufu ya hapo, na mpaka wa alfajiri ni mweupe.

Naweza kuendelea hadi Albania badala ya kurudi?

Unaweza, ukiwa umebeba mizigo yako yote. Albania huwakubali wenye viza ya Schengen ya MULT ambayo tayari imetumika angalau mara moja ndani ya Schengen, na mabasi ya kwenda Shkodër na Tirana hupitia Ulcinj au Podgorica. Gari ulilokodi Dubrovnik, hata hivyo, litataka kurudishwa Dubrovnik.